Nilimfunga Wifi Yangu Mdomo kwa Jani la Isale

Mimi ni mkosaji, nasema hivyo kabla hamjaniuliza. Nilimwangusha mwanamke mwenzangu, tena mke wa kaka yangu wa damu, na sikutumia fitina wala uchawi. Nilitumia jani la amani. Nisikilizeni kwanza, matusi mtatoa baadaye.

Naishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Kata yangu siitaji na chama changu sikitaji. Inatosha mjue kwamba nilikuwa kiongozi wa kina mama wa chama katika kata yetu.

Uongozi gani? Kupika siku za mikutano, kuimba mgeni akishuka kwenye gari, kupanga viti. Wanaume wakijifungia kujadili majina ya wagombea, sisi tulikuwa nje tunamenya ndizi. Mimi niliona sawa tu, maana kikao kikiisha mwenyekiti alikuwa ananiita "mama yetu" mbele za watu. Basi kichwa kinavimba!

Wifi yangu nitamwita Anjela, ingawa silo jina lake. Alikuwa anauza ndizi kwenye soko letu la barabarani, na ulimi wake haukuwa na breki. Masika ikiingia, kina mama pale huuza wakiwa wamekaa kwenye tope, watoto mgongoni. Uwanja wenyewe wakubwa walikuwa wanaumezea mate miaka yote. Anjela akasema basi, nagombea udiwani, hili soko nitalipigania lijengwe na libaki mikononi mwa kina mama.

Kura za maoni ndani ya chama akaongoza. Aliongoza mchana kweupe, na wanaume aliowashinda walikuwepo wanaangalia.

Halafu kikao cha kata kikajifungia. Walipotoka, jina lililopitishwa lilikuwa la mwanamume aliyeshika nafasi ya pili. Eti Anjela ni mtu wa kuja, ameolewa tu hapa, kwao ni Machame! Na angegombea huko Machame wangemwambia ameshaolewa, aende kwa mumewe. Sasa mwanamke kwao ni wapi, jamani? Mmoja wao akamwita jina chafu ambalo siwezi kuliandika hapa.

Anjela hakulia. Alipeleka malalamiko wilayani, akaambiwa aje Jumatatu asikilizwe. Mashahidi alikuwa nao. Kila mtu alijua atashinda, na mwenyekiti alijua kuliko wote.

Hapo ndipo nilipoitwa ndani. Mara yangu ya kwanza kukaa kwenye kile chumba mlango ukiwa umefungwa! Wakanipa kiti. Wakanimiminia mbege, pombe yetu ya ndizi, mimi niliyezoea kuwamiminia wao.

"Mama yetu," mwenyekiti akaanza, "kati ya kina mama wote, wewe ndiye mwenye busara. Hili jambo linaaibisha chama, na linaaibisha ukoo wenu. Wewe ni mtoto wa pale nyumbani. Mpelekee isale."

Kwa wasiotoka kwetu, isale ni mmea tunaoupanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na pale tulipowazika wazee wetu. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unakwenda kumwomba radhi. Na aliyepelekewa isale hakatai. Akikataa, yeye ndiye anageuka mkosaji, na wazee wanasema mkosi utaingia nyumbani kwake. Akishapokea, yamekwisha. Lile jambo halitajwi tena.

"Na Jumatatu wilayani?" nikauliza.

"Aisee, akishasamehe, Jumatatu akaseme nini?" Wakacheka. Kisha mwenyekiti akainama karibu yangu. "Na ile nafasi ya viti maalum, mama yetu, tunakufikiria wewe."

Ningependa kuwaambia kwamba niliogopa. Sikuogopa! Nilifurahi, mbege nikaimaliza yote. Miaka yote ya kumenya ndizi, leo nimefikiriwa mimi!

Jumamosi nilikwenda kwa kaka. Jani nililichuma kwenye mpaka wa kihamba cha marehemu baba, nikalifunga fundo. Mama yangu mzazi alikuwa amekaa mlangoni akiota jua. Anjela alikuwa anatupia ng'ombe majani.

"Shikamoo mama. Wifi, habari za hapa?"

Anjela aliona mkono wangu kabla hajaitikia. Akaweka majani chini.

"Wifi, ungekuja na maneno matupu tungebishana, tukamaliza," alisema. "Kwa nini umekuja na hilo?"

"Wamekukosea, wanajua wamekukosea. Wamenituma niwaombee. Na mimi nakuomba kwa moyo wangu, yaishe."

"Wamekosa midomo wao?"

Nikanyoosha mkono tu. Mama, ambaye hakujua lolote la viti wala vikao, akasema kwa upole, "Pokea, mwanangu. Isale halikataliwi."

Anjela alimtazama mama. Alimpenda sana yule bibi. Akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea.

"Haya. Yameisha," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Jumatatu hakushuka wilayani. Yule mwanamume akagombea, akashinda. Na mimi? Nikawa mheshimiwa diwani wa viti maalum. Nikashonesha suti ya kitenge, nikapiga picha na mwenyekiti.

Mngedhani ubaya wangu uliishia hapo. Haukuishia hapo!

Ikaja siku wakaja wageni kutoka taasisi moja, wanapita kwenye vyama kupima jinsi wanawake wanavyoshirikishwa katika uongozi na maamuzi. Tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Sisi kina mama tulipangwa mbele. Mwenyekiti alinikalisha kiti kilicho karibu na chake, kitu ambacho hajawahi kufanya tena tangu siku ile. Anjela alikaa katikati ya ukumbi, maana kadi ya chama bado alikuwa nayo.

Msichana mmoja wa wale wageni aliuliza vizuri, kwa heshima. Majina ya wagombea yanapitishwa na nani? Ndani ya hicho kikao kina mama mko wangapi? Kuna mama aliyewahi kushinda halafu akaondolewa?

Mwenyekiti akanigeukia, akatabasamu. "Hilo mama yetu atalijibu mwenyewe."

Nikasimama na kitenge changu. "Hakuna mwanamke anayezuiwa hapa," nikasema. "Tatizo ni sisi wenyewe. Tunaogopa. Wengine wanashinda, halafu wanajitoa wenyewe kwa hiari yao."

Nilisema hivyo nikimwangalia Anjela machoni! Nilijua hawezi kusema. Isale lilishapokelewa, jambo halitajwi tena. Angelifungua pale, ukoo mzima ungesema amevunja mila, na mama yangu angekufa kwa hofu ya mkosi. Nililijua hilo vizuri, na ndiyo sababu nilithubutu.

Kina mama wenzangu wakatazama sakafu. Msichana akauliza, "Kuna mwingine ana la kuongeza?" Macho ya watu yakamwendea Anjela, na msichana naye akamwangalia.

Anjela alisimama. Midomo ilifunguka. Mungu wangu, nikasema leo nimeumbuka!

"Sina la kuongeza," akasema, akakaa.

Wageni wakashukuru, wakala pilau, wakaondoka. Tulisifiwa. Mwenyekiti alinipa mkono mbele ya wote.

Sasa sikieni nilichopata. Kwenye vikao vya baraza naingia mambo yameshapikwa, naambiwa tu ninyooshe mkono saa ngapi. Mwaka jana likaja suala la lile soko la ndizi. Uwanja ukatolewa kwa mtu mwenye fedha zake. Nilijaribu kusimama, haki ya Mungu nilijaribu! Mwenyekiti wetu wa chama, ambaye hata si diwani, alikuwa amenipigia simu asubuhi yake: "Mama, hilo tulia, tumeshaelewana." Nikatulia. Mkono wangu ulinyooka pamoja na mingine.

Kina mama walifukuzwa pale na ndizi zao, nyingine zikakanyagwa barabarani. Walikuja kwangu wakiwa wamelowa mvua. Hakuna aliyenitukana. Mmoja tu, mama mtu mzima, alisema, "Tulikuwa na mtu wetu. Tulikuwa naye kabisa." Wakaondoka bila hata kunywa maji.

Mama yangu aliposikia, aliunganisha mambo peke yake. Wazee si wajinga. Alikuwa kitandani tayari, mgonjwa. Aliniuliza, "Lile isale la baba yako lilikuwa la kuomba radhi, au la kumfunga mke wa kaka yako?" Akageukia ukutani. "Na mimi nikamwambia apokee," akasema. Hakunitazama tena vizuri mpaka tulipomzika. Hilo ndilo linaloniua, ndugu zangu. Nilimtia mama yangu kwenye uongo wangu, akafa akijilaumu yeye.

Baada ya matanga nilimfuata Anjela. Nilikwenda mikono mitupu, nikapiga magoti kwenye tope la zizi, nikaanza, "Wifi, ile siku..."

Akanizuia kwa mkono.

"Wifi, lile lilishafungwa. Halifunguliwi."

"Nitukane basi! Nipige!"

"Nikutukane kwa kosa gani? Nilishasamehe." Akaninyanyua, akanipangusa magoti, akanipa maziwa ninywe. Mpaka leo nikipita ananisalimia vizuri, mgonjwa kwangu anakuja kumwona, msiba anapika. Siasa kaacha. Neno moja la moyoni sijalipata tena kutoka kwake, na sitalipata. Angenichukia ningepumua!

Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Yule anayestahili kuyasikia haya, nilimziba masikio mwenyewe.

Mwanamke mwenzangu, siku wanaume wa chama chako watakapokufungulia ule mlango, wakakupa kiti na kukuambia wewe ndiye mwenye busara kuliko wenzako, usikae. Uliza kwanza ni mwanamke gani wanataka umtoe. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa namjua.