Mbao Mbichi

Muoki alichonga vinyago miaka arobaini na tatu, kwanza Majengo, kisha nyumbani kwake Komarock, nyuma ya jiko. Shule hakuiona. Mkewe, Nzisa, ndiye aliyemsomea barua, na ndiye aliyemfunga kitambaa kila patasi ilipomkata.

Walikula sahani moja. Kirusi cha ini kikawaingia wote wawili. Kwa Muoki kilipita. Nzisa akazikwa mwezi wa tatu.

"Kwa nini yeye, si mimi?" Muoki alimuuliza binti yao, Mbinya, anayefanya kazi maabara. Hakuwa na swali lingine.

Mbinya alikuwa na kichupa kimoja cha damu ya mama yake, cha mwisho, kwenye barafu. Akamweleza polepole. Kuna seli zilizotolewa kwenye mimba ya siku tano tu, iliyotungwa kwenye chombo cha maabara, si tumboni; wenyewe hawakuihitaji tena wakaridhia itumike. Seli hizo hazijawa kitu bado. Ukizilea, ukazilisha kila siku hata Jumapili, zinageuka kuwa seli za ini. Kisha unazitia kirusi kilichomo kwenye damu ile, unatazama kinaingiaje na zinapigana nacho vipi.

"Kama gogo," Muoki akasema. "Halijajua kama litakuwa twiga au kiti."

"Ndiyo, baba. Kama kirusi cha mama kilikuwa na ukali wake, huenda tukaona. Seli zetu zimeshakuwa tayari, tunaanza Jumatatu."

Siku nne zilibaki. Muoki akashindwa kukaa bure.

"Vichupa vyenu mnaviweka kwenye nini?"

"Kishikio cha plastiki, chenye matundu."

Plastiki, kwa damu ya Nzisa! Muoki akachukua kipande cha mbao ya jakaranda kilichokatwa wiki hiyo, akaanza kutoboa matundu kumi na mawili.

Opiyo, jirani yake, mstaafu wa reli, akachungulia getini. "Muoki, hiyo ni ploti ya panya? Chumba kimoja kodi ngapi?"

"Ni ya mke wangu."

Opiyo akavua kofia.

Kila aliyefundishwa kazi na Muoki alianza na hili: mbao mbichi haitoki karakana. Inafukiwa kwenye vumbi la mbao wiki kadhaa, ikauke taratibu. Lakini Jumatatu haikungoja. Akapiga msasa, akapaka nta. Kikang'aa.

Mbinya alikigeuzageuza. "Baba, mbao haiingii kwenye chumba cha seli. Uchafu kidogo tu unaziua." Kisha akaona vidole vya baba yake, vimefungwa vitambaa ovyo, alivyojifunga mwenyewe. "Haya. Nitakipangusa na spiriti."

Ijumaa iliyofuata Mbinya alirudi mapema, macho mekundu.

"Seli zimekufa zote, baba."

"Na damu ya mama yako?"

"Tulishaitumia. Ilikuwa hiyo tu."

"Ni nini kimeziua?"

Mbinya alitazama dirishani. "Stima. Ilipotea, jenereta ikachelewa."

"Na kile kishikio?"

"Kimechomwa. Kila kitu cha chumba kile kimechomwa." Akaingia jikoni haraka.

Muoki akatoka, akazunguka nyuma. Chini ya benchi kulikuwa na kipande kilichobaki cha ile jakaranda. Akainama kwa shida, akakigeuza. Upande wa chini ulikuwa umeota ukungu mweupe, laini kama pamba. Akaugusa. Ukabaki kidoleni. Ukungu huo wa mbao mbichi aliufahamu tangu ujana wake, na alishawafukuza watu kazi kwa ajili yake.

Kisha akajipangusa, akarudi ndani. Chai ilikuwa mezani. Mbinya hakumtazama.

"Stima ya siku hizi," Muoki akasema.

"Eeh, baba."

"Si ya kutegemea."

Mbinya akaanza kulia bila sauti. Muoki alitaka kumshika bega. Mikono ikabaki juu ya meza, hakujua aipeleke wapi.