Masikio ya Baba Mmoja

Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, mchora mabango wa miaka thelathini na sita alivaa shati la mikono mirefu kwa mara ya kwanza tangu harusi yake, akaripoti katika shule ya msingi kama mwalimu mwanafunzi wa sanaa. Shati lilikuwa la kuficha rangi iliyogoma kutoka viwikoni. Vinyozi wote wa mtaani kwake wanajitangaza kwa vichwa alivyochora yeye, na ukivitazama vizuri utaona kuwa vyote, vya wazee kwa vijana, vina sikio la aina moja: nono, limekunjwa juu kama bahasha.

Chuo kilimtaka aangalie masomo na kusaidia darasani, kisha mkaguzi aje kumpima. Akifaulu, cheti. Akifeli, arudi kwenye kibanda chake cha mabango, ambako mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kumwita Mwalimu, maana mama mkwe wake aliitangaza habari hiyo mlango kwa mlango.

Mwalimu mwenyeji, mama mmoja ambaye miwani yake ilishikiliwa kwa uzi, alikuwa na sheria moja.

"Msaidizi wangu anatembea mikono nyuma," alimwambia. "Osha brashi, gawa karatasi, chonga penseli. Karatasi ya mtoto usiiguse."

"Hata akikosea, mama?"

"Akikosea ndiyo usiiguse kabisa."

Alivumilia wiki mbili. Watoto walimwita Nusu Mwalimu, akaitikia. Wiki ya tatu waliambiwa kila mmoja achore uso wa jirani yake wa dawati, na mwenyeji akaitwa ofisini. Mtu aliyekula kwa brashi tangu ujana hawezi kuona sikio limeota shingoni akanyamaza. Alirekebisha moja, la mtoto wa dawati la mbele. Wa pili akasema, "Na mimi, mwalimu." Punde foleni ikafika mlangoni, naye akawa anagawa masikio kama mtu anayegawa peremende.

Aliyebaki kwenye dawati ni binti mmoja wa nyuma, ameifunika karatasi kwa kiwiko.

"Lete nikunyooshee hilo sikio."

"Hapana, mwalimu."

"Linafanana na kisoda kilichokanyagwa."

"Ndivyo lilivyo. Mwangalie mwenyewe."

Jirani yake, aliyesharudi kutoka kwenye foleni, akageuza kichwa bila kuombwa. Sikio lilikuwa kisoda kilichokanyagwa.

"Niliumwa na mbwa," alisema kwa fahari.

Mkaguzi alifika Alhamisi ya wiki iliyofuata, mtu mkavu mwenye viatu visivyo na vumbi. Picha zilikuwa zimebandikwa ukutani. Alitembea taratibu toka mwanzo wa ukuta hadi katikati, akarudi.

"Darasa hili ni la ndugu?"

"Hapana, mzee," alisema mchora mabango.

"Basi baba yao alizunguka sana."

Mwalimu mwenyeji alikohoa, akavua miwani kuifuta. Mkaguzi alisogea hadi mwisho wa ukuta, akasimama mbele ya kisoda. Akamtazama mtoto aliyeumwa na mbwa, akaitazama picha, akamtazama tena mtoto.

"Hii ndiyo kazi. Nani alimsaidia huyu?"

Jibu moja lingetosha kubeba cheti. Mchora mabango alikuna kiwiko.

"Hakuna mtu, mzee. Nilitaka kumsaidia, akanikatalia."

"Na hayo mengine?"

"Hayo yangu."

Mkaguzi alimwambia pale pale kwamba amefeli, na kwamba, kwa kuwa hakudanganya, hafukuzwi: atarudia mazoezi yote.

Nyumbani, mama mkwe alisikiliza habari hizo akiwa amekunja mikono.

"Kumbe hata walimu hurudia darasa?"

"Mimi narudia, mama."

"Sawa. Lakini nimeshawaambia watu ni Mwalimu. Mimi na miguu yangu hii sirudi mlango kwa mlango kuwaambia bado."

Mwalimu mwenyeji amekubali kumpokea tena, kwa sharti. Amemshonea aproni isiyo na mfuko mbele. Ina mmoja tu, mkubwa, mgongoni, wa kuwekea mikono. Binti wa nyuma amepewa ruhusa ya kumripoti akitoa mikono.

Muhula unafunguliwa Jumatatu. Wataanza na pua.