Bei ya Tatu

Nyumba ile niliijenga kwa matofali ya kuchoma, na tanuri nililisimamia mwenyewe, kwa hiyo nilipoamua kuiuza sikutaka mtu anifundishe bei. Nilikuwa mtu wa Rungwe niliyeajiriwa serikalini Sumbawanga, na barua ya uhamisho wa kwenda Tabora ilikuwa imekwisha fika. Kupangisha nisingeweza. Cheo changu kilikuwa kidogo, lakini kilihesabiwa cha uongozi, na miaka ile kiongozi mwenye nyumba ya kupangisha aliitwa mnyonyaji mchana kweupe. Ardhi yenyewe ilikuwa ya taifa. Nilichokuwa nauza ni matofali, mabati, milango na kiburi changu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la mama yangu.

Kwetu mtu huzikwa nyumbani, penye migomba, karibu na watu wake. Mama alikuja kunisalimu, akaugua, akafa, nami nikamzika hatua chache kutoka jikoni. Nililizungushia kaburi matofali yaliyobaki, nikapanda migomba mitatu ambayo baridi ya Ufipa iliidumaza, nikasimamisha msalaba wa mninga wenye jina lake. Majirani zetu Wafipa walikuwa Wakatoliki na walizika makaburini. Balozi wetu wa nyumba kumi alinikubalia kwa shingo upande. Sikujali. Nilidhani nimekwisha fika, kwamba nitazeekea pale.

Bei niliiandika kwenye karatasi ya ofisini, shilingi elfu kumi na mbili, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na soko. Watu walikuja. Mwalimu mmoja alipima vyumba kwa hatua, akayasifu madirisha, akaomba kuona choo. Njia ya chooni ilipita kando ya migomba. Aliporudi alikuwa ameshavaa kofia yake na hakuulizia tena madirisha. Mfanyabiashara wa mahindi naye vivyo hivyo. Mkewe hata hakufika chooni.

Mwezi wa pili nikashusha hadi elfu tisa, na hapo ndipo ukarani uliponiponza. Mtu mwenye akili angenyamaza, akamngoja mnunuzi, wakashushiana bei wawili uani. Mimi nilikwenda sokoni na kalamu nyekundu. Nikakata ile bei ya kwanza kwa mstari mmoja, nikaandika mpya juu yake, nikaweka sahihi fupi pembeni, kama tulivyofundishwa kusahihisha hati. Kila aliyekwenda kununua chumvi alizisoma bei zote mbili. Mke wangu aliletewa habari bombani: nyumba ile ina kitu, ndiyo maana inashuka. Mama mmoja alimuuliza kwa upole kama tunalala salama.

"Umeitangaza aibu yetu na kuitia sahihi," mke wangu akaniambia.

Nilimjibu vibaya, maana alisema kweli. Nikaanza kuzunguka nyuma ya maghala ili nisipite mbele ya ule ubao, mtu mzima na suruali yangu ya ofisini, nikiikimbia karatasi niliyoiandika mwenyewe.

Zikiwa zimebaki wiki mbili niripoti Tabora, mzee mmoja mkulima wa kijiji cha Kate akatuma ujumbe. Alilima mahindi na ulezi, na alitaka nyumba ya watoto wake waliosoma mjini. Angekuja Jumamosi. Ijumaa jioni nilichukua koleo, nikaulegeza udongo, nikaung'oa msalaba wa mama. Nilijiambia ni mbao tu. Nikaufunga kwenye gunia na kuusukuma chini ya kitanda. Mke wangu alikuwa akipepeta ulezi pale uani. Aliacha kupepeta, akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akaendelea.

Mzee alifika asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Aligonga kuta kwa vidole, akainua macho kutafuta matundu kwenye mabati, akaridhika. Kisha akaenda uani mwenyewe, bila kuonyeshwa, na alipofika kwenye kaburi akavua kofia.

"Hili la nani?"

Hakungoja jibu, akaendelea. "Mimi kaburi silikatai. Aliyemo hatanisumbua. Lakini kama ni la ndugu yako, nitanunua nyumba leo, kesho utakuja na ukoo wako kuchinja ng'ombe hapa, na siku nyingine mtasema hapa ni kwenu. Mimi nanunua nyumba. Sinunui ukoo."

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Yeye ni mkwe tu. Asingeweza kumsemea mama mbele ya mwana aliyemzaa.

"Nililikuta," nikasema. "Sijui ni la nani."

"Hata jina?"

"Hata jina. Na kwa ajili hiyo, mzee, nitakupunguzia. Nipe elfu sita."

Alikubali papo hapo, tukapeana mikono juu ya mama yangu. Mke wangu aliingia ndani akafunga mlango. Tangu siku ile mpaka tunashuka kwenye treni Tabora, mbele za watu aliniita baba watoto, na tukiwa wawili hakuniita chochote. Nimejitafutia visingizio vingi: uhamisho, siasa ya wakati ule, watoto waliohitaji kula. Vyote ni vya kweli na hakuna hata kimoja kilichonilazimisha kusema maneno yale.

Miaka sita baadaye nilitumwa Sumbawanga kikazi. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba na mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Nilijiambia napita tu kuitazama nyumba. Mzee alinitambua, akanishika mkono kwa furaha na kunipeleka moja kwa moja uani. Ilikuwa siku ambayo Wakatoliki huwaombea marehemu wao wote. Matofali ya kaburi yalikuwa yamepakwa chokaa, magugu yameng'olewa, na msalaba mpya umesimama, hauna maandishi. Mkewe alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka pamoja na watoto wao wakubwa.

"Tulisema, maskini huyu hana mtu," mzee akanieleza. "Basi tukamchukua sisi. Kila mwaka tunamwombea misa. Majirani wa enzi zako wamehama na balozi yule alikwisha kufa, hakuna wa kumuuliza. Shida yetu ni kumtaja. Tunasema tu, marehemu wa hapa nyumbani."

Mkewe akageuka. "Mwanangu, wewe uliyekaa hapa kabla yetu, hukuwahi kusikia lolote? Hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke, tujue tumwite baba au mama."

Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Nilimtazama mzee, nikaona jinsi uso wake ungebadilika akijua nilimdanganya nini na kwa ajili ya nini. Niliionea aibu aibu yangu.

"Sikuwahi kusikia, mama," nikasema.

"Basi tutaendelea hivyo hivyo," akajibu, akanisogezea nafasi kwenye mkeka. Nikapiga magoti katikati yao, nikamwombea marehemu wa hapa nyumbani.