Pedali ya Mwangwi na Litungu la Baba Mdogo

Kiongozi wa bendi yetu aliponiambia, "Safari hii chukua ya dijitali," machale yalinicheza pale pale. Huyu ni mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kunichagulia hata uzi wa gitaa. Mimi ndiye mpiga solo, vyombo vya solo nachagua mwenyewe. Kazi yake yeye ni kuimba, kupatana na wenye sherehe na kugombana na dereva. Leo pedali yangu inamhusu nini?

Pedali yenyewe ni kisanduku cha chuma cha kuenea kiganjani. Unakiweka chini karibu na mguu, sauti ya gitaa inapita humo kabla ya kufika kwenye spika, na ulichopiga kinajirudia. Wapigaji wanaiita dilei, mimi husema mwangwi. Ya kwangu ilikufa baada ya mtu kuimwagia soda kwenye harusi moja, na za kununua ziko za aina mbili. Ya analojia inarudisha sauti ikiwa imechoka: mara ya kwanza inafanana na ulivyopiga, mara ya pili imefifia, mara ya tatu ni kama mtu anaongea ndani ya blanketi, halafu basi. Ya dijitali inarudisha kile kile, safi, na ukitaka inakushikia kipande kizima cha wimbo, inakizungusha bila kuchoka mpaka uikanyage iache. Siku hizi mtu akikuita "analojia" anakutukana, maana yake umepitwa na wakati. Mimi nimeitwa hivyo mara nyingi na wala sijali.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kebo ya litungu. Sisi tunaitwa kwenye sherehe kwa sababu ya litungu, tusidanganyane, bendi za gitaa na kinanda ziko tele. Analipiga baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ambaye mimi namwita tata kama nilivyokuwa namwita baba mwenyewe. Nyuzi nane, tumbo la mti lililofunikwa ngozi, na mlio wa chini unaokoroma mpaka unausikia kwenye mbavu. Ndiye aliyenifundisha muziki kabla sijashika gitaa. Anakaa Nyangoto, mke wake alishatangulia, wanawe wako mbali, na shamba lake linapakana na mashimo ya watu wanaotafuta dhahabu. Ukimwondolea litungu mtu kama huyo, unamwachia nini?

Sasa kiongozi alikuwa amebandika kipaza sauti kidogo ubavuni mwa litungu, nikasema sawa, lisikike vizuri. Halafu akataka kebo yake nayo ipite kwenye pedali yangu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Tujaribu tu." Mh! Mtu mzima akikuambia tujaribu tu, ujue ameshaamua.

Nikaanza kumchunguza. Alikuwa ameanza kulalamika kwamba litungu linakula nafasi ya mtu kwenye gari. Alikuwa anamuuliza tata kama amechoka, kama amelala vizuri, maswali ambayo hakuwahi kuyauliza miaka yote. Siku moja nilifika mapema kwenye chumba chetu cha mazoezi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale Nyamisangura, nikawakuta wawili hao wameinamiana wananong'ona. Waliponiona wakajiinua haraka. Tata akaniuliza mbuzi wa mama wanaendeleaje. Mbuzi ambao asubuhi ile ile alipita nyumbani akawaona kwa macho yake!

Nikaunganisha mambo. Dijitali inashika kipande kizima. Kebo ya litungu inapita kwenye dijitali. Kwa hiyo siku moja tata atapiga, kisanduku kitashika, na harusi inayofuata gari litakuwa na nafasi. Si jambo geni. Mpiga ngoma wa bendi moja hapo mjini aliletewa kinanda chenye midundo ndani yake, akaambiwa apumzike kidogo, na mpaka leo anapumzika. Nilimtazama kiongozi wetu anavyotabasamu nikasema moyoni, thubutu. Kwa tata wangu hutaweza.

Nikaenda Sirari peke yangu. Muuza duka alikuwa mtu wa upande wa pili wa mpaka, mcheshi kupita kiasi, na mimi mtu akiwa mcheshi kabla sijanunua namwogopa.

"Karibu madam. Mzee wako anapiga gitaa ya aina gani?"

"Napiga mimi."

"Aki! Basi umefika mahali poa." Akaweka pedali mbili juu ya meza. "Hii ni analog, sauti inashuka polepole, vile ilikuwa zamani. Hii ingine ni digital, inakurudishia vile umepiga, hakuna kupotea. Watu wote sasa wanabeba hii."

Sikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nimeshawahi kusikia kwamba kuna pedali zimeandikwa analojia kwa juu, kumbe ndani ni dijitali iliyofundishwa kujifanya imechoka. Nikamwomba bisibisi. Akacheka. Nikaendelea kunyoosha mkono mpaka akanipa. Nikafungua kifuniko cha chini, nikachungulia vile vidude vilivyopangwa humo, na kusema kweli sikuelewa hata kimoja, lakini nilikunja uso kama mtu anayeelewa. Kisha nikachomeka gitaa nililokuja nalo, nikapiga noti moja, nikafumba macho. Ikarudi, ikarudi tena imefifia, ikazama. Nikaongeza kitufe cha kujirudia mpaka mwisho, sauti zikaanza kupandana zikawa tope. Hapo nikaamini. Hii haiwezi kumshika mtu hata ikitaka.

"Madam, unaogopa nini kwa hii ya digital?" akaniuliza.

"Haikuhusu. Nifungie hii."

Kwenye mazoezi niliiweka analojia chini, hadharani, nikamwangalia kiongozi usoni. Nilitegemea agombe, nilikuwa nimejiandaa na maneno yote ya kumjibu. Hakugomba. Aliitazama ile pedali, akamtazama tata, tata akatazama mlangoni. Kiongozi akasema, "Haya. Umechagua wewe." Nilirudi nyumbani nimeshinda, lakini nilijiuliza njia nzima ule utulivu wake una nini ndani.

Harusi iliyofuata ilikuwa Kenyamonta, mchana wa jua kali, turubai mbili zikitazamana, wa upande wa bwana harusi huku na wa bibi harusi kule. Sasa mtu wa mbali aelewe jambo moja. Mpiga litungu akifika kwenye harusi hapigi tu. Anasifu ukoo wa nyumba, anamtaja mnyama ambaye ukoo wao unamheshimu, mababu zao, mahali walikotoka na walikolala njiani, mpaka afike kwa huyu kijana anayeoa leo. Na ukishaanza ukoo wa watu unaumaliza. Kuutaja halafu ukauacha katikati ni kuwatukana mbele ya wakwe, na watu wa hapa hawasahau tusi la namna hiyo.

Tata alianza vizuri. Wazee walisimama, akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akaja kumfuta jasho kwa kitenge. Alipofika kwa babu wa bwana harusi mkono wake wa kulia ukasimama. Sikuelewa kwanza, nilidhani anavuta pumzi. Nikaviona vidole vyake vimekunjwa juu ya nyuzi, havifunguki. Uso wake haukuonyesha kitu. Midomo ilikuwa inaendelea kidogo, halafu nayo ikanyamaza, kwa sababu tangu ujana wake hajawahi kusifu bila nyuzi kumtembeza.

Nikakanyaga pedali. Niliona litungu linapita humo, labda itanisaidia. Ikarudisha zile noti zake za mwisho, tatu au nne, zikafifia, zikazama, zikaisha. Sikuwa nimewahi kuuchukia mwangwi maishani mwangu kama siku ile. Upande wa bwana harusi walikuwa bado wamesimama, mikono hewani, wanasubiri babu yao amalizwe. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Amefia wapi huyo babu, njiani?" Upande wa pili wakacheka. Nikasema moyoni, hapa tunapigwa.

Kiongozi akaruka mbele na kipaza sauti, akaanza wimbo wa kucheza, mimi nikamfuata na gitaa kwa nguvu zote, bibi harusi akainuliwa, vumbi likatimka. Tukaokoka. Ila wale wazee walikaa chini wamenuna mpaka tunaondoka, na soda zetu zililetwa za moto.

Nilimkuta tata nyuma ya gari, anajikanda mkono. Nikaanza kwa hasira, maana hofu yangu huwa inatoka kama hasira. Nikamwambia haya yote ni ya kiongozi, amekuchosha, amekutia wasiwasi, nimemwona siku nyingi, anataka kukuweka kwenye kisanduku halafu akuache Nyangoto.

"Nilimwomba mimi," tata akasema.

"Ulimwomba nini?"

"Hicho kisanduku kinachoshika. Mkono umeanza kunikatalia tangu wakati wa kuvuna. Ukikubali, unakubali mwanzo tu. Nikamwambia mura, kijana wangu, tafuta kitu kinishikie mwanzo, mimi niendelee na sifa. Yeye akasema kipo."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kama ananionea huruma. "Wewe? Ningekuambia asubuhi, mchana mama yako anajua, jioni shangazi zako wamefika na dawa za kila rangi, na kesho yake mmenikataza kupiga. Si ungenikataza?"

Kweli, ningemkataza. Kiongozi alikuwa anafunga spika, alitusikia, hakugeuka. Hata hapo, Mungu anisamehe, nilijiuliza anafaidika nini na siri hii. Labda alikuwa anampenda mzee, basi. Kuna watu wanaopenda hivyo, hawasemi, halafu wanatupa taabu sisi wa kushuku.

Muuza duka wa Sirari alikubali kunibadilishia analojia kwa dijitali, kwa kunitania. "Si nilikuambia, madam? Hakuna kupotea!" Sikumkunjia uso. Nilimwomba tu anionyeshe taratibu namna ya kushika kipande, wapi unakanyaga kuanza na wapi kuacha, nikarudia mbele yake mpaka akachoka.

Nikaenda nayo Nyangoto, na spika ndogo. Tata alikuwa amekaa nje ya nyumba, litungu limeegemea ukuta.

"Shikamoo tata."

"Marahaba. Umekileta?"

Nikamweleza. Apige mzunguko mmoja tu, ule wa kusifia, mimi nakanyaga, kinashika. Akapiga. Vidole vikakataa kabla ya nusu. Nikafuta. Akapiga tena, vikakataa. Tulifuta na kuanza, tukafuta na kuanza, akapumzisha mkono kwenye maji ya uvuguvugu, akarudi. Nilikuwa nimechelewa naye. Wakati wa mavuno angejaza mzunguko ule huku anapiga stori. Nilimkasirikia kwa siri yake, nikajikasirikia kwa ujanja wangu, na nilikuwa karibu kusema tuache.

Ndipo ukatoka mmoja. Mzima, wenye mkoromo wake wote, isipokuwa karibu na mwisho kidole gumba hakikufika kwenye uzi, pakabaki pengo dogo. Nikakanyaga, kisanduku kikashika. Litungu likaanza kutoka kwenye spika peke yake, na tata ameweka mikono mapajani. Likafika kwenye pengo, likaruka, likaanza upya. Likafika tena kwenye pengo. Ile analojia ingeliziba kwa ukungu wake. Hii haikuwa na huruma, ilikuwa inamwonyesha kila mara mahali pale pale ambapo kidole chake hakikufika.

"Tata, ngoja nifute turudie. Ina pengo."

Akanyoosha kidole ninyamaze. Akasikiliza likizunguka, macho yake yako kwenye mkono wake na si kwenye spika. Nilimshuku kwamba anataka kulia. Kisha akaanza kusifu. Alianza na ukoo wetu, na mnyama wetu, na mahali tulikotoka, polepole, bila nyuzi mikononi, akajikwaa kidogo akaendelea, na kila litungu lilipofika kwenye lile pengo akaweka jina la mtu pale. Akamfikia babu. Akamfikia baba yangu, nami nikashindwa kumwangalia. Akamaliza wote, hakumwacha mtu njiani.

Nikaufuta uso kwa mgongo wa mkono, nikanyoosha mguu nikazime.

"Ukikanyaga inakuwaje?" akauliza.

"Inaacha, tata. Na hii inafutika. Tutashika nyingine."

Akaukunja mkono wake wa kulia, akajaribu kuufungua, haukufunguka wote.

"Usikanyage kwanza," akasema. "Sijui kama nitaipata nyingine."

Nikaurudisha mguu chini ya kiti.