Mashine Iliyozimwa kwa Ajili ya Sala

Tulifika Butembo kwa miguu kutoka Manguredjipa, tukikimbia vita, na mwanangu wa kike, aliyekuwa bado ananyonya, akafika akihema kwa tumbo. Hospitalini waliniambia ni mapafu. Bahati nzuri kulikuwa na mashine mpya ya oksijeni, iliyoshushwa na ndege kwenye uwanja wa Mavivi, karibu na Beni, na kuletwa kwa gari. Muuguzi alitaka kumuwekea binti yangu papo hapo.

Shangazi wa mume wangu, tuliyekimbia naye, akakataa. Mume wangu alikuwa amekwama Beni, barabara imefungwa mara tu gari lililoleta mashine lilipopita, hivyo neno la mwisho lilikuwa la shangazi yake. Nilikasirika, lakini hofu yake niliijua. Enzi za chupa, ile mitungi ya chuma, oksijeni ilikuwa haba, wakawa wanawawekea wale waliokaribia kukata roho tu. Sote tuliona mpira puani, kisha jeneza.

Muuguzi hakubishana. Alichovya ncha ya mpira katika kikombe cha maji, mapovu yakapanda, akaeleza kuwa mashine inachukua hewa hii hii ya chumbani na kuichuja. Shangazi aliyatazama mapovu kama anavyotazama uji unaoanza kuchemka, akasema haya, tujaribu. Kufikia mchana midomo ya binti yangu ilikuwa imerudiwa na rangi. Nilikaa sakafuni kwa furaha.

Jioni ikafika saa ya sala. Kwetu sala ya wodini haichezewi: redio inazimwa, sufuria zinatuliwa, wanaopiga soga wananyamaza. Tulikuwa katikati ya Baba Yetu nilipogundua kwamba naisikia sauti yangu vizuri mno. Nikafumbua macho. Mashine ilikuwa kimya. Shangazi, na heshima zake zote, alikuwa ameizima ili Mungu asipigiwe kelele. Mbavu za mtoto zilikuwa zinabonyea tena.

Nilimwita muuguzi kwa sauti nisiyojua ilitoka wapi. Alikuja mbio, akabonyeza, mashine ikanguruma. Tukamkazia mtoto macho hadi pumzi yake ikatulia. Hapo ndipo nilipotamani kumrukia shangazi. Lakini rozari ilikuwa imemponyoka mkononi. Muuguzi akamwokotea, akamwambia:

“Mama, hapana zima tena. Wacha ilie. Mungu anasikiaka ata mu makelele.”

Shangazi alifuta machozi, akavuta kiti karibu na mashine, akaanza Baba Yetu upya kwa sauti ya kushindana nayo, wodi nzima ikafuata. Nilicheka katikati ya sala, nikalia, nikacheka tena. Usiniulize kama niliimaliza.

Siku binti yangu alipotolewa mpira na kulilia ziwa, aliingia mama mwingine na mtoto anayehema. Alipoiona mashine akarudi nyuma, amemkumbatia mwanawe. Muuguzi alikuwa bado hajafungua mdomo. Shangazi alikwisha kuinuka kutafuta kikombe cha maji.