Jivu la Bi Dolores

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatano ya Majivu, siku Wakatoliki wanapoanza mfungo wa Kwaresima. Dolores Hudak anakwangua barafu kwenye kioo cha basi la manjano, huku akiitukana kwa Kislovaki alichorithi kwa bibi yake. Kwenye paji la uso ana msalaba mweusi. Ametoka kupakwa majivu katika Misa ya alfajiri, ile ya watu wa zamu.

"Baridi hii ndiyo toba yangu," anasema. "Padri asiniongezee nyingine."

Dolores, mjane wa miaka sitini na miwili, ni dereva wa basi la shule katika mji mdogo wa Pennsylvania, kwenye vilima vya makaa ya mawe. Basi ni la umma, lakini linabeba watoto wote: wa shule ya serikali bondeni na wa shule ya parokia kilimani. Humo ndani ana amri moja asiyoifanyia mzaha: hakuna kumhubiria mwenzio.

Mwaka jana, siku kama ya leo, amri hiyo ilivunjwa. Wakati wa kurudi nyumbani, watoto wa parokia walipanda wakiwa na majivu usoni, wakajipangusa kwa vidole na kuanza kupaka wenzao. Wa kwanza kupakwa alikuwa Talia Roth, msichana wa Kiyahudi wa miaka minane. Aliyempaka ni Kasper, mjukuu wa Dolores mwenyewe.

Dolores alisimamisha basi kando ya barabara. Alimfuta Talia kwa kitambaa chenye maji, akamwomba radhi, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Nani kakwambia Mungu anapakwa kwa nguvu, we?"

"Bibi, tulikuwa tunacheza tu!"

"Chezea uso wako!"

Lakini weusi kidogo ulibaki kwenye nywele za Talia. Mama yake, Miriam, alipouona aliamini dereva ndiye aliyempaka mwanawe, akapiga simu ofisini kwa hasira. Dolores alipofika gereji, msimamizi wake, Gary Pruitt, alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Dee, futa hilo jivu lako usoni, yaishe. Hutaki, lete funguo."

"Chukua."

Alikaa nyumbani karibu wiki mbili bila mshahara, akila supu ya kabichi. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlipia nyumba tangu mumewe afariki. "Nililia kama nimefiwa mara ya pili," anasema, na hapo hacheki.

Kikao cha bodi ya shule kilipoitishwa, ukumbi ulijaa. Wakati huo Talia alikuwa ameshamsimulia mama yake yote, na Miriam ndiye aliyesimama kwanza.

"Mwanangu ulimfuta," alimwambia Dolores. "La kwako ukakataa kulifuta hata kwa kazi yako. Kwa nini?"

"La Talia nililifuta kwa sababu hakuliomba, mama. La kwangu nililiomba mwenyewe."

Miriam akawageukia wajumbe. "Mrudishieni mama huyu basi lake. Na jivu lake abaki nalo."

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Nimesikia mawakili wakibishania uhuru wa dini nchini humu mpaka koo zikawakauka, na sijamsikia aliyeueleza vizuri kama mama huyu mwenye kikwanguo mkononi.

Hataki makubwa. "Niwabebe Kasper na Talia mpaka wamalize shule," anasema akiwasha injini. "Halafu nistaafu, nilale mpaka jua lichomoze."

Kasper amekaa kiti cha mbele. Kwenye kituo cha tatu Talia anapanda na kumkazia macho dereva.

"Bi Dee, mwaka huu msalaba wako umepinda."

"Padri kazeeka, mwanangu. Kaa, tumechelewa."

Talia hakai. Anasimama mbele ya Kasper.

"Mikono?"

Kasper anainua mikono yote miwili, anaigeuza huku na huku. Safi. Ndipo Talia anapovua begi na kukaa kando yake.