Leso Niliyoifukiza Udi

Jana jirani yangu alichoma taka nyuma ya nyumba. Kila mtu akafunga dirisha lake. Mimi nikafungua langu. Msinicheke. Plastiki na maganda ya machungwa yakiungua, hiyo ndiyo harufu ya mama yangu.

Tulikaa Kibarani, kando ya jaa, tukiokota chupa. Vibanda vyetu vilipobomolewa, mama alikuwa hajiwezi kwa kifua. Akanipeleka mjini, mtaa wa Kuze, kwa Bi Zuhura, mjane asiye na mtoto ambaye mama alikuwa akimfulia nguo, akanifunga leso yake mabegani. "Nikipata nafuu na pa kukaa, nitakuja kukuchukua," akaniambia. Nilikuwa na miaka minane, na nilianza kumngoja siku hiyo hiyo.

Chuoni, tulikosomea Kurani, wenzangu walinikimbia mkekani. "Leso yako yanuka jaa," Mwanaidi akaniambia, na hakusema uongo. Kila nikilala nilijifunika uso, nikauvuta moshi ule mpaka usingizi unichukue. Lakini niliona haya, jamani, tena nikajiambia mama akinikuta nanuka ataona sikujitunza, hatanichukua. Nikaifua mara tatu. Bi Zuhura akanionyesha kutia makaa kwenye chetezo, kuweka udi juu yake, kisha kuitandaza leso mpaka inukie yote.

Mama alikuja siku ya Ijumaa, amekonda, kapu tupu mkononi. Nilinuna kidogo, nikidhani amesahau kuniletea kitu. Nikampa leso ainuse. Akaiweka puani, akakaa nayo kitambo, kisha akanitazama kuanzia nywele zilizosukwa mpaka miguu iliyopakwa mafuta.

"Wanukia, mwanangu," akasema. "Sasa wewe ni mtu wa Kuze."

"Twaenda lini?"

"Kaa kwanza."

Akanirudishia leso. Akanywa chai, akakohoa, akamshukuru Bi Zuhura mara nyingi mno, akaondoka na kapu lake. Sikumwona tena, kifua kilimmaliza kabla ya Ramadhani.

Miaka mingi nilimlaumu kwa kuja mikono mitupu. Mpaka siku moja, nikimfungashia binti yangu nguo za safari, nikaelewa kwamba kapu lile lilikuwa la kutilia nguo zangu. Alikuja kunichukua, akanusa leso, akaniacha.

Siku hizi Kibarani pamepandwa miti, hapanuki tena. Leso ninayo kabatini. Naitoa, najifunika uso kama zamani, navuta pumzi, na naambulia udi tu.